Chupa ya Mwaka wa Uhuru

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, Ponsiano aliimwagilia chupa maji.

Si utani. Majirani zake pale Kilole walimwagilia mchicha. Yeye aliingia chumba cha uani, akijikwaa kila siku kwenye tofali lile lile lililolegea, akapiga magoti penye shimo alilolichimba sakafuni, akanyunyizia mchanga nusu ndoo. Chini ya mchanga, ndani ya magunia ya katani, ililala shampeni. Ililazwa ubavu ili kizibo kisikauke, kwenye baridi na giza. Kinywaji cha namna hiyo ukikimulika au ukikitikisa, umekiua. Kwa hiyo Ponsiano hakukifunua kamwe.

Ilikuwa ya zabibu za mwaka 1961, mwaka wa Uhuru. Meneja Mgiriki wa shamba la mkonge alimwachia baba yake Ponsiano, aliyekuwa mpishi wake, siku alipofungasha kuondoka nchini. Baba aliitunza bila kujua ni kitu gani. Aliyejua ni Godlisten, mfanyabiashara wa Arusha aliyezunguka mikoani kuwatafutia matajiri vinywaji vya kale. Mara ya kwanza alitaja milioni mbili, Ponsiano akakataa. Mwaka uliofuata akataja tatu na nusu, kisha akaropoka:

"Hii bei yake haishuki, mzee. Kila moja inayofunguliwa huko duniani, zilizobaki zinapanda."

Loo, tangu siku hiyo nani angemwambia kitu Ponsiano? Bati zikavuja, akasema subira huvuta heri. Cherehani ya mkewe ikafa, subira. Fausta, binti yao wa pekee, akakosa ada ya chuo, na bado ikawa subira. Mtu na chupa yake!

Mkewe Chausiku, Mzigua wa Kwamsisi, alikuwa Mwislamu wa swala tano. Chumba kile hakukikanyaga. Akifagia, ufagio uliishia kizingitini.

"Haramu yako ilale yenyewe," alikuwa akisema.

Ponsiano alicheka moyoni. Angempata wapi mlinzi bora kuliko mtu asiyetaka hata kuigusa?

Miaka minne iliyopita utumbo wake ulijisokota, akapelekwa Tanga hoi. Kabla hajazimia alisema neno moja tu: "Nife nisife, chupa msiiguse." Alipasuliwa mara tatu, akalazwa miezi miwili. Aliporudi, kovu limeshuka toka kifuani hadi kitovuni, jambo la kwanza lilikuwa kujikokota hadi shimoni, akatia mkono mchangani na kupapasa gunia. Ipo! Alilia kwa furaha, mtu mzima na mvi zake.

"Gharama zote zile kalipa nani?" aliuliza baadaye.

"Ndugu zangu wa Kwamsisi wamechanga," Chausiku alimjibu.

Ponsiano aliona haya, maana miaka yote aliwadharau wakwe zake, wala mihogo wale. Alitaka akodi pikipiki aende kuwashukuru. Chausiku akamkataza, kwao, alisema, mchango wa mgonjwa haushukuriwi, ni nuksi. Basi akaacha. Godlisten naye hakurudi tena kubembeleza. Amechoka huyo, Ponsiano alijisemea, na aendelee kuchoka, bei inapanda.

Sasa zamu ikawa ya Fausta. Valvu ya moyo wake ilikuwa mbovu. Alilazwa Dar es Salaam, midomo imepiga weusi, na madaktari walisema wazi: apasuliwe kabla ya Jumatatu, na pesa itangulie.

Asubuhi hiyo Ponsiano hakumwagilia kitu. Alimwita mkewe.

"Mama Fausta, naiuza."

Alidhani atapiga vigelegele. Chausiku alishika mlango kama mtu aliyepatwa na kizunguzungu.

"Tuuze kwanza shamba letu la Mkata."

"Shamba litakula mwezi mzima! Mtoto anakufa!"

"Tuuze shamba, baba Fausta. Nakuomba."

Maskini, aliwaza Ponsiano, hata leo ananionea huruma mimi na chupa yangu. Alijichukia. Alijichukia kwa bati zile, kwa cherehani, kwa ada, kwa kila mwaka aliomnyima mwanawe ili kioo kilale pazuri. Akapiga simu.

"Shikamoo mzee! Siku nyingi."

"Marahaba. Godlisten, nimekubali. Njoo leo leo uchukue chupa."

"Kwani mzee unayo nyingine?"

Simu ilimponyoka. Alikimbilia chumba cha uani, akajikwaa kwenye tofali, akaanguka, akachimba kwa mikono, akararua magunia moja baada ya jingine. Ndani mlikuwa na chupa ya juisi, imejazwa maji na kufungwa vizuri. Maji aliyoyamwagilia maji kwa miaka minne.

Alipoinua macho, Chausiku alikuwa amevuka kizingiti. Aliingia moja kwa moja na kuliruka lile tofali bila hata kulitazama.

"Pesa iko wapi?" Ponsiano alipiga kelele. "Chausiku! Pesa ya mwanangu iko wapi?"

Chausiku alipiga magoti mbele yake. Alimfungua vifungo vya shati, taratibu, akaweka kiganja juu ya kovu.

"Hii hapa," alisema.