Sauti ya Nyuma ya Wavu

Gari lilikuwa limeshaiacha nyuma Macquarie Fields, kitongoji cha kusini mwa jiji. Ijumaa walipigwa mechi ya kwanza. Jumamosi wakapigwa tena. Sasa ilikuwa Jumapili, safari ya tatu kwenda uwanja uleule, na Mzee Ndikumana alikuwa amechoka mpaka kucha.

"Papa, leo unyamaze kidogo basi," Katungu alimwambia kutoka kiti cha nyuma. Hakuwa binti yake; alikuwa mama yake Adrien, mdakaji wa timu ya besiboli, na alitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee akapanda gari bila kulala. "Siku mbili unapayuka, siku mbili tunafungwa."

"Nikinyamaza, nani atamwambia mtoto arushe nini? Wewe?"

Mtoto ndiye Égide, mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na tisa, mrushaji wa timu ya besiboli ya Ingleburn. Alikaa mbele na nyaya za muziki masikioni. Nyumbani, babu akimsemesha Kiswahili, kijana hujibu Kiingereza, tena neno moja, tena mgongo umeshageuka. Uwanjani mambo yalikuwa mengine. Mzee alikuwa golikipa kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na hakuna mguu wa mtu usiomwambia kitu. Basi husimama nyuma ya wavu, anamtazama mpigaji anavyojipanga na gongo lake, kisha anapaza sauti: "Mpe ya kupinda!" au "Mpe ya moto!", yaani ya kasi. Na Égide hutii. Waamuzi walidhani ni babu anayeshangilia tu. Mechi chache walizoshinda msimu ule, walizishinda hivyo.

Wakicheza Blacktown, mzee hufunga mdomo. Kule ukimtaja mtu kwa Kiswahili dukani, shangazi yake yuko nyuma yako kwenye foleni. Lakini ng'ambo ya daraja, kwa matajiri wa kaskazini, walikokuwa wakicheza siku hizo tatu, alijimwaga. Nani wa kumsikia?

Chama cha mchezo kilikuwa kimesema wazi: mkipoteza zote tatu, timu inavunjwa, wachezaji wanagawanywa. Wenzake walisikitikia jina na fulana. Yeye alisikitikia jambo moja tu. Timu ikifa, hapatabaki mahali hata pamoja ambapo mjukuu wake anamsikiliza.

Jua lilikuwa kali. Mzee akaushika wavu.

"Mpe ya kupinda!"

Égide akapindisha. Mpigaji hakuyumba. Aliungoja mpira upinde weee, ndipo akaugonga ukapita katikati ya watu wawili.

"Mpe ya moto, chini!"

Mpigaji aliyefuata alikuwa ameshajiandaa. Gongo likalia paa.

"Hawa wamelishwa nini?" mzee akauliza.

"Wamelala usiku," alisema Katungu. "Dawa yao ni hiyo."

Karibu na kituo cha tatu alisimama kocha wa wenyeji, mzungu mzee mwenye kofia pana ya majani. Kazi yake ilikuwa kuwaelekeza wapigaji kwa ishara. Alijikuna sikio, akagusa mkanda, akajifuta pua, akarudi kwenye sikio.

"Muone yule na tumbo lake," mzee akasema kwa sauti, apate walau kucheka. "Miezi minane hiyo. Atajifungulia hapahapa."

Katungu alicheka mpaka akauegemea wavu. Kocha alivuta tumbo ndani, akaendelea kutazama uwanja.

Timu zilipokuwa zikibadilishana, kocha yule akawaletea vikombe viwili vya chai. Alianza na mzee, akampa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umekishika kiwiko. Akasema kitu kwa Kiingereza kuhusu joto, akaenda zake. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha.

"Ana adabu," alisema mzee.

"Anayeshinda huwa na adabu. Tungoje tumfunge, tuone."

Na kidogo wamfunge kweli. Adrien alipiga mipira miwili ya ajabu, na zamu ya mwisho ilipofika Ingleburn walikuwa mbele kwa alama moja. Wenyeji walikuwa na mtu mmoja kituo cha pili na mpigaji mmoja wa mwisho. Wakimtoa huyo, timu imepona.

Égide alisimama katikati ya uwanja, fulana imemganda mwilini, mpira mkononi. Hakumtazama kocha wake. Aligeukia wavu.

"Babu!" aliita. "Nirushe nini?"

Kwa Kiswahili. Mzee hakukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini. Katungu alimshika mkono, naye akasogeza uso wavuni. Sauti ilitoka yote.

"Ya polepole, mwanangu! Polepole kabisa!"

Kocha wa kituo cha tatu alitazama chini, akachezesha mchanga kwa kiatu. Kisha akajikuna sikio.

Mpira ulikuja polepole kabisa. Mpigaji aliungoja kama mtu anayemngoja mgeni aliyekwisha piga simu kwamba yuko njiani, akaupeleka ng'ambo ya uzio, barabarani, kwenye magari.

Timu ilivunjwa mwezi uliofuata. Adrien alihamia klabu nyingine, akaumia goti, akaacha. Katungu bado yuko kwenye nyumba ya wazee, siku hizi zamu ya mchana. Égide anaishi Perth. Hupiga simu Krismasi, kwa Kiingereza. Mzee Ndikumana alifariki mwaka 2009, na mpaka siku hiyo alisema kilichowafunga ni joto. Kocha mwenye kofia ya majani alistaafu, akarudi Kasulu, Tanzania, kwenye misheni alikozaliwa na kukulia, na huko huhubiri kila Jumapili, bila mkalimani.