Maswali ya Kabla ya Kengele

“Gesi gani hiyo?” mtunza maabara akauliza.

Kijiti chenye moto kilikuwa kimelia pu! kwenye mdomo wa neli. Kijana akakodoa macho kama mtu aliyeulizwa alizaliwa saa ngapi.

“Oksijeni?”

“Oksijeni hailii. Oksijeni inawasha upya kijiti kilichobaki na kaa jekundu. Hiyo ni hidrojeni. Sema.”

“Hidrojeni.”

“Sema tena bila kunitazama mdomo.”

Ilikuwa saa moja asubuhi na maabara ilikuwa tupu. Ulikuwa mwezi wa pili sasa wakikutana hivi kila siku, wawili tu, mlango umerudishiwa. Mezani palikuwa na rundo la mitihani ya miaka iliyopita. Mtunza maabara aliiokota moja moja kwenye pipa la taka, akainyoosha na kuifunga kwa uzi. Shule aliiacha akiwa mdogo. Kemia aliipata akiwa amesimama kwenye sinki, mgongo kwa darasa, anaosha chupa, miaka ishirini na sita. Masomo ni yale yale kila mwaka. Mtu mwenye masikio hawezi kukosa kuyajua.

“Swali la nne. Gramu nne za sodiamu hidroksaidi ni moli ngapi?”

“Nne.”

“Nne ni gramu. Moli moja yake ina gramu arobaini. Gawa.”

Kijana akaandika, akafuta, akaandika. “Mzee, hizi moli alizileta nani?”

“Mtu aliyekuwa anaamka mapema. Gawa.”

“Sifuri nukta moja.”

“Haya. Umeona kwamba hukufa?”

Kijana akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, na viatu vizuri, na mjomba mzuri kuliko vyote. Mjomba huyo ndiye mkuu wa shule. Alimleta katikati ya muhula, kisha akamvuta mtunza maabara nyuma ya stoo. “Mzee wangu, ninyooshee huyu kimyakimya. Akiaibika yeye, nimeaibika mimi.”

Kwa hiari yake asingekubali. Moyo wake ulikuwa umeshajaa kinyongo siku nyingi, tangu mwaka ule nafasi ya kemia ilipokaa wazi muhula mzima na yeye akajitolea kuwasaidia wanafunzi. Mkuu huyo huyo alimwuliza cheti chake kiko wapi, na ofisi nzima ikacheka. Lakini safari hii aliitika haraka, kwa sababu ya binti yake.

Binti yake alikuwa na mtihani wa mwisho baada ya wiki tatu. Alitaka uuguzi. Bila kemia, hakuna uuguzi. Mlango unafungwa na hakuna wa kuufungua tena.

Mkewe hakumwelewa. “Mtoto wa wenzio unamkalisha kila asubuhi,” alimwambia jana, huku akipiga sufuria chini. “Wako umemwacha anahangaika peke yake. Huko ni kujikomba, mume wangu, hakuna jina jingine.”

“Nikimnyoosha huyu, na wetu amenyooka.”

“Wetu umemnyoosha lini?”

Alijaribu. Aliketi na binti yake mara nyingi, akamweleza kwamba kutu inahitaji maji na hewa, vyote viwili. Binti alisikiliza kwa adabu, kisha akaandika kwenye jaribio la mkoa kwamba kutu inaletwa na maji peke yake. Alama tatu zikaenda. Alipomwuliza, binti aliinamisha uso. “Baba, usikasirike. Wewe unaosha chupa tu.”

Hakukasirika.

“Mzee,” kijana akasema. “Umechoka kunifokea?”

“Sijaanza. Umeme ukipita kwenye maji ya salfeti ya shaba, shaba inaenda wapi?”

“Kwenye… anodi.”

“Shaba ina chaji chanya. Chanya inamkimbilia nani?”

“Hasi. Kathodi! Kathodi, mzee!”

“Usishangilie, ni swali la alama moja. Asidi kali na maji. Kipi kinamiminwa ndani ya kipi?”

Hapo mtunza maabara akaacha kufuta meza. Chupa ya asidi kali aliifungia kabatini tangu siku kijana alipoimiminia maji, ikachemka na kumrukia shati. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

“Maji ndani ya asidi,” kijana akasema kwa uhakika kabisa.

“Angalia shati lako, halafu ujibu tena.”

Kijana akaangalia tundu chini ya mfuko. “Asidi ndani ya maji.”

“Kidogo kidogo. Sema mara tano.”

Akasema mara tano, kama mtoto anayetumwa dukani. Kisha akashusha pumzi. “Ukweli, mzee, kichwa chako ni cha ajabu. Ungekuwa na cheti ungekuwa mbali.”

“Wenye vyeti nawaona. Rudia kutu.”

“Kutu inahitaji maji.”

“Na?”

Nje, viatu vilianza kukwaruza kokoto.

“Na nini, wewe? Na nini?”

“Na hewa! Maji na hewa.”

“Hiyo leo usiisahau. Nyingine zote sahau, hiyo usiisahau, nakuomba.” Sauti ilimtoka vibaya, karibu kama ya kulia, na kijana akamtazama bila kuelewa.

Kengele ikalia. Mtunza maabara akazoa karatasi zake, akabeba ndoo mpaka kwenye sinki na kulipa darasa mgongo. Wanafunzi arobaini wakaingia wakisukumana, binti yake akiwania kiti cha mbele kabisa. Kijana akafunga vifungo vya koti jeupe, akachukua chaki, akasimama mbele ya ubao.

“Shikamoo, mwalimu!” darasa zima likaamkia, na sauti ya binti ilikuwa juu kuliko zote.