Nishani ya Sayi

Kipaza sauti kilipoita ndugu wa marehemu Sayi asogee mbele, Mhoja hakusimama. Mke wake, Kwandu, alimgusa kiwiko.

“Nenda,” alimnong'oneza. “Ukikaa, ndipo watakapouliza.”

Uwanja wa Bariadi ulikuwa umefurika. Mshereheshaji alisoma jinsi Sayi, mgambo wa Ipililo, alivyoingia kinamasini huko Uganda risasi zikimiminika, akawavuta majeruhi wawili hadi nchi kavu, akapigwa risasi alipomrudia wa tatu, akafa kwa jeraha hilo. Sasa, miaka mingi baadaye, wakati magari ya wanunuzi binafsi wa pamba yakipishana vijijini, jina lake lilikuwa limekumbukwa.

Tangu habari hiyo ifike Ngulyati, Mhoja alikuwa hali wala halali. Alitaka kutuma udhuru kwamba anaumwa. Kwandu alikataa, akaenda mnadani kumnunulia koti la mtumba.

Majirani walidhani wanajua kinachomsumbua. Mhoja alihamia Ngulyati baada ya vita, akiwa na Kwandu, mjane aliyerithiwa kwa desturi. Hilo halikumshangaza mtu. Kilichowashangaza ni Winnie, binti aliyezaliwa juma lilelile mgambo walipoitwa vitani, kwa uzazi mgumu uliokaribia kumuua mama yake. Winnie alimwita Mhoja baba mdogo, lakini kidevu kilikuwa cha Mhoja, mwanya wa Mhoja, hata mwendo wa Mhoja. Kisimani wanawake walisema wazi kwamba Sayi alikwenda kufa huku mdogo wake akilala kitandani mwake.

Aliyeshika nishani alikuwa Marcelo, kapteni mstaafu, mmoja wa wale wawili waliovutwa kutoka kinamasini.

Asubuhi hiyo, kabla ya sherehe, alikuwa ameketi na familia chini ya turubai. Aliwasalimu kwa Kisukuma, mwangaluka, akapokea chai, akaanza kumkumbuka rafiki yake. Alisimulia kwamba mafunzoni Sayi alikuwa haitiki jina lake mpaka aitwe mara ya pili, na sajenti alimkimbiza uwanja mzima akidhani ni kiburi.

Kisha alimgeukia Kwandu.

“Shemeji, unisamehe. Sikujua kama alikuwa na mke. Kila siku alimtaja msichana mmoja wa Kiloleli, kwamba akirudi atamwoa.”

Kwandu aliinamisha uso. Chai ilimmwagikia Mhoja mapajani, naye hakuipangusa.

Marcelo aliomba aonyeshwe picha ya marehemu, hata ya utotoni. Mhoja alijibu kwamba zote ziliungua nyumba yao ya Ipililo iliposhika moto. Kapteni alimtazama kwa muda mrefu. Akamtazama Winnie, kisha akamrudia Mhoja.

Sasa Mhoja alikuwa akitembea kuelekea jukwaani. Wanawake wa Ngulyati walimfuata kwa macho alipowapita. Aliwaza kwamba kapteni ameshaunganisha mambo, na kwamba kipaza sauti kiko karibu mno na mdomo wake. Neno moja tu, na Winnie angelisikia mbele ya wilaya nzima.

Alipanda. Marcelo alisogeza kipaza sauti pembeni.

Akalishika koti la mtumba, akapitisha pini taratibu, akainyoosha nishani kifuani. Watu walipiga makofi. Kapteni aliweka mkono begani mwake kama anayetoa pole, akaleta mdomo karibu na sikio lake.

“Mhoja, aliyekuja vitani kwa jina lako, alinieleza yote kabla hajakata roho,” alisema. “Asubuhi nilikuwa nahakikisha tu. Simama wima, Sayi. Binti yako anatazama.”