Kilemba cha Kuombwa Radhi

Fazal Karim alivaa kilemba kipya ili aombwe radhi. Alikaa katikati ya ua juu ya kitanda cha kamba, mito miwili mgongoni, ndevu zimetiwa hina asubuhi hiyo hiyo, akasubiri kama bwana harusi. Kijiji kizima kilijua kuwa Sughra, binti wa marehemu kaka yake, anakwenda Hija, na anayekwenda Hija hupita kwanza nyumba kwa nyumba kuwataka radhi aliowakosea. Nyumba hii aliiacha ya mwisho.

Sughra aliingia na shada la waridi shingoni. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Mara ya mwisho kukanyaga ua huu alikuwa na kumi na miwili, na alitoka kwa kuruka ukuta.

"Karibu, mtoro!" alisema Mazhar, mwana wa Fazal, jitu la masharubu lililosimama nyuma ya baba yake likimpepea. "Leo umekumbuka kuwa nyumba ina mlango?"

Jamaa wakacheka. Mazhar alikuwa hodari wa mizaha. Baba yake akianza tu kutabasamu, yeye kicheko kimeshamtoka.

Wote pale walijua. Hilo ndilo la kutapisha. Walijua kwamba mzee huyu, nguzo ya msikiti, mwenye sugu ya sijida kwenye paji la uso, miaka ile alikuwa akirudi kutoka sala ya Alfajiri na kuingia moja kwa moja ghalani na kamba ya kufungia ng'ombe, udhu wake haujakauka. Walisikia vilio, wakaongeza sauti za redio. Leo wamekuja kula vitamutamu vya laddu na kushuhudia mambo yakiisha vizuri.

"Inama, mwanangu," alinong'ona Shangazi Bashiran, mnong'ono wa kusikika hadi kwa jirani. "Mshike miguu baba yako mdogo. Ukienda Makka na kinyongo, umekwenda kutembea tu."

"Nani kakwambia nina kinyongo, shangazi?"

"Basi si uiname!"

Fazal akainua mkono, mpole kama mtu anayesamehe. "Mwacheni. Vile vilikuwa viboko vya malezi. Bila mimi angekuwa wapi huyu?"

"Hata mimi nilipigwa," Mazhar alidakia, akijipiga tumboni. "Tena kukuzidi wewe, Sughra! Nitazame. Nimekufa? Nimenenepa!"

Jamaa wakacheka tena. Mmoja akapaliwa na chai.

Kwa miaka mingi baada ya kutoroka, Sughra hakuweza kusali. Akisikia adhana, mabega yalimpanda yenyewe hadi masikioni. Ni katika chumba cha cherehani cha bibi mmoja kule mji wa Multan alikojifunza upya, rakaa kwa rakaa, na ilimchukua nusu ya umri wake kuamini jambo dogo kabisa: kwamba Mungu hafanani na Fazal Karim. Sasa walimtaka aichukue imani ile, aitandike chini ya miguu ya mzee huyu, aikanyage kwanza yeye, ndipo wamruhusu kwenda nayo kwenye Kaaba.

Fazal akaunyoosha mguu mmoja mbele ili kumrahisishia kazi. Alikuwa amevaa soksi mpya.

"Baba mdogo," alisema Sughra, "wewe sikukukosea. Nilikuwa mtoto. Na kukusamehe, bado hujaniomba."

Shangazi Bashiran akajifunika uso kwa mtandio.

"Ehee! Basi umefuata nini huku, bibi haji?" Mazhar aliuliza. "Laddu?"

"Nimefuata radhi. Katika nyumba hii yupo mtu niliyemkosea, na siwezi kusafiri kabla hajanisamehe."

Fazal akatabasamu, akauweka mguu sawa.

Sughra akapita kando ya kitanda. Akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya kandambili za Mazhar.

"Kaka," alisema, "lile gudulia la samli nililivunja mimi. Nilikuwa nimejificha nyuma ya magunia. Nilimwona baba yako anavyokupiga kwa ajili yake mpaka ukaacha kulia, nami sikufungua mdomo. Kesho yake nikaruka ukuta, nikakuacha peke yako naye. Nisamehe."

"Mwambie hajui asemalo!" Fazal alifoka. "Mazhar! Mwambie!"

Mazhar alifungua kinywa kama mtu anayetafuta mzaha wa kusema. Jamaa wakamtazama, tayari kucheka.

"Dada," alisema, "nilidhani hakuna aliyeona."