Tunu + Shomari

Kila asubuhi Tunu hukagua programu za kompyuta za wenzake kazini huku akinywa chai. Leo kikombe kiliishia hewani. Katika programu ya kupanga zamu, mwenzake Shomari alikuwa ameipa alama ya kujumlisha maana mpya, kisha akaijaribu: Tunu + Shomari.

"Hii inaleta nini?" Tunu aliuliza.

Shomari alikuwa akifungasha vitu vyake. "Namba inazijumlisha, maneno inayaunganisha. Watu inawapanga zamu moja."

"Na wewe kesho unahamia tawi la mbali."

"Ni mfano tu, bibie."

"Majina mengine yaliisha?"

Tunu alisogeza kidole kwenye kitufe cha kuidhinisha programu hiyo, akakirudisha, akakisogeza tena. Shomari alivuta zipu ya begi, ikagoma.

"Mimi si mfano, Shomari," Tunu alisema hatimaye. "Usihame."