Basi Lililowahi

Kwa miaka sita mwalimu Shaweji hakupanda ndege. Alisema moshi wake unaiunguza dunia, na kila likizo alisafiri siku mbili kwa basi kwenda kumwona mama yake. Ukoo mzima ulimsifu kwa hilo.

Mama alipofariki, Shaweji alipanda ndege bila kumwambia mtu, akawahi mazishi. Kesho yake alasiri akafika mpwa wake, Mwanakombo, aliyelelewa na marehemu. Alikuwa na mtoto mgongoni, na miguu imemvimba kwa safari.

Shaweji akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, akapiga magoti kumkanda.

"Mume wangu alitaka kunikatia tiketi ya ndege," alisema Mwanakombo. "Nikakataa. Nikamwambia, mjomba kafiwa na mama yake mzazi na bado atakwenda na basi, sembuse mimi?"

Shaweji aliendelea kukanda. Kidole chake kilipobonyeza kifundo cha mguu, kiliacha shimo.

"Wanasema uliingia kaburini kumpokea bibi. Ulipanda basi gani, mjomba, likawahi?"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele walinyamaza wasikie. Angeweza kutaja basi lolote.

"Nilikuja na ndege," alisema, bila kuinua uso.

Mwanakombo hakuitoa miguu yake mikononi mwa mjomba wake. Maji yalianza kupoa. Mtoto akaamka, akanyoosha mkono juu ya bega la mama yake, akitaka kukishika kile kichwa kilichoinama.