Kona ya Rabson

Mwenyekiti wa timu yetu alikuwa bado anamlilia Rabson kwenye kipaza sauti, hapo kwenye uwanja wa Mpemba, karibu na mpaka, radi ilipounguruma upande wa Zambia. Kilio kikakatika papo hapo. Akatupa kipaza sauti mezani, akakimbilia gari lake huku tai ikimpiga begani.

Kumbe miguu anayo.

Miaka mitatu iliyopita radi iliunguruma vilevile. Rabson, winga wetu, alikuwa na miaka kumi na tisa, na chenga zake ziliwafanya hata mabeki waliopitwa wacheke. Mimi nilikuwa kipa. Nilimsikia akiomba tutoke. Lakini Mwenyekiti alikuwa ameleta watu wa timu ya Zambia waje kumnunua, hakutaka waondoke bure. Akiwa amekaa chini ya turubai, alitupungia mkono wenye pete ya dhahabu tuendelee. Rabson akaenda kupiga kona. Radi ikampiga palepale kwenye kibendera.

Leo ni Kombe la Kumbukumbu ya Rabson, na mwamuzi ni mimi. Picha iliyobandikwa kwenye kombe ni ya Mwenyekiti.

Kioo cha gari kilishuka kidogo. Mkono uleule, na pete ileile ya dhahabu, ukatoka ukanipungia.

"Refa, anzisha mpira! Haka si kamvua tu?"

Nilipuliza filimbi, nikawatoa wachezaji wote uwanjani. Kisha nikaenda kwenye gari, nikafungua mlango, nikamwekea mpira mapajani.

"Haya, shuka, Mwenyekiti. Kona utapiga wewe."